Mkoba wa Ngozi ya Sili

Rafiki yangu Fearchar alinisimulia haya mara moja tu. Baba yake aliusia apigiwe zumari ya mfuko kaburini na mwanawe, naye mwana awe amefunga mkoba wa ngozi ya sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya, mbele ya kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti. Wa nyumbani ulikuwa umeliwa na nondo, na mazishi yalikuwa kesho yake, basi akaenda kwa muuza mikoba.

“Kibali cha kuuza ngozi ya sili kiko wapi?” alimuuliza muuzaji, Bi Oighrig.

“Unataka karatasi au unataka kumzika baba, mwanangu?”

Akaununua.

Makaburini, giza la alasiri ya Desemba likiingia, alimaliza wimbo, akaukamua mfuko wa zumari mpaka ukanywea.

Mama yake akanong’ona, “Pumua taratibu, watu wanakusikia.”

Fearchar alikuwa amebana pumzi. Chini ya kiganja chake, manyoya ya mkoba yalipanda na kushuka.