Mita Ilisoma Kumi na Nane

Ndugu zangu, nyumbani kwa Obitre, fundi wa vyombo vya muziki pale Ediofe mjini Arua, asubuhi zilikuwa tulivu. Obitre aligusisha ncha mbili za mita ya kupimia umeme pale sauti inapotokea kwenye amplifaya. Mkewe Drateru, huku akichambua maharage, alimsomea namba.

"Soma, Mama Sandra."

"Sufuri."

Hapo tu ndipo spika ilipounganishwa. Sufuri ilimaanisha hakuna umeme mbichi unaovuja kwenda kuichoma spika. Kwa miaka tisa hakuna chombo kilichotoka pale kabla Drateru hajalitamka neno hilo.

Kisha waragi, ile pombe kali, ikaingia maishani mwa Obitre. Mwanzoni ilikuja jioni, baadaye ikaja pamoja na chai. Drateru alichoka kusema, akachoka hata kulia.

Siku moja Natale, mkodishaji wa muziki kutoka Koboko, alileta amplifaya iliyogoma kutoa sauti. Obitre akapima.

"Kumi na nane," Drateru akasoma.

"Mita imezeeka kama wewe."

"Baba Sandra, kuna transista imekufa. Tafuta, ubadilishe."

"Nani iko fundi hapa?"

Kukitafuta kipande hicho kilichokufa kungekula siku nzima, na chupa ilikuwa ikimngoja. Ndani ya amplifaya mna swichi ndogo ya ulinzi. Umeme ukivuja, hukata njia ya spika. Hiyo ndiyo iliyokuwa imezima sauti. Obitre akairuka kwa kipande cha waya, akalehemu ili umeme upite bila kukatwa. Sauti ikatoka, na mngurumo kidogo chini yake.

Mtauliza, mbona Drateru hakumwambia Natale alipokuja kuchukua chombo chake? Alikuwa amechoka, ndugu zangu. Alimtazama akikifunga kwenye boda, akarudi kwenye maharage.

Siku ya tatu Natale alirudi, amebeba amplifaya yake na spika yenye tundu jeusi katikati.

"Jenereta yenu ya Koboko ni mbovu," Obitre alimwahi.

"Mzee, tulikuwa tunamzika mama. Katikati ya sala spika ikatoa moshi, halafu moto. Watu wakakimbia wote. Mama akabaki peke yake na moshi."

Drateru alisimama, akafungua amplifaya, akaweka kidole juu ya waya, akamwambia Natale.

"Si jenereta, baba. Ni huu. Mita ilisema kumi na nane. Niliisoma mimi, nikanyamaza."

 Natale aliviacha vyombo mezani, akaondoka bila kuaga. Habari zikafika Koboko nzima, zikarudi Arua. Wiki tano hakuna mteja aliyeingia. Vumbi likakaa juu ya meza, na Obitre akakaa mbele yake, akinywa hadi hata wa kumpa chupa kwa mkopo akakosekana.

Asubuhi moja aliamka, akaomba maji tu. Akaung'oa ule waya. Akatafuta transista iliyokufa mpaka jua likainama, akaweka nyingine, akaziba tundu la spika na kusuka upya koili yake ya waya.

"Soma, Mama Sandra."

"Sufuri."

Obitre hakuziondoa ncha za mita. Jasho lilimtoka.

"Soma tena."

Akasoma tena. Kesho yake walivibeba vyombo wote wawili hadi Koboko. Natale alivipokea mlangoni, akamtazama Drateru, si Obitre.

"Umesoma wewe?"

"Nimesoma."

Ndipo akawapisha waingie.

Funzo

Pombe humfanya mtu aone kila onyo ni usumbufu, akalifunga mdomo, na hasara ikamwangukia asiyehusika. Tuwasaidie walevi wetu kuacha. Nasi tunaoona kosa, hata tukichoka namna gani, tuseme kabla chombo hakijatoka mlangoni.