Ndala za Tunu na Ndala za Udongo

Tunu ana miaka mitano. Ana ndala mpya za njano.
Akitembea zinalia: pata, pata, pata.

Leo Shangazi Salama amempeleka makumbusho ya sanaa, katikati ya Dar es Salaam. Humo baiskeli imening'inia darini. Ukuta mzima ni vifuniko vya soda.

Mlinzi wa humo ni Mzee Komba. Ana buti nyeusi na neno moja tu.
"Kuangalia ruksa, kugusa marufuku."

Pata, pata, pata. Wanaingia chumba cha tatu.
Kuna mkeka mkubwa. Kando yake kuna ndala nyingi, za kila rangi.

Mambo ya mkeka Tunu anayajua. Anavua ndala zake, anazipanga pamoja na zile nyingine.

Kabla hajakaa, Mzee Komba huyo, mbio. Anasema mkeka huu ni sanaa. Na hizo ndala za kando yake ni za udongo, zimechomwa kama chungu, zikapakwa rangi.

Tunu anainama achukue zake.
"Kuangalia ruksa, kugusa marufuku."

Shangazi anamweleza mlinzi kuwa ndala za Tunu zimo humo. Mzee Komba anatazama, anatazama tena. Ndala za njano ziko nyingi! Anaogopa kuvunja.

Sakafu ni baridi. Tunu anataka kulia. Atarudije nyumbani bila ndala zake?

Mzee Komba anampigia simu Bi Sikudhani, aliyezifinyanga. Bi Sikudhani anakuja, mikono ina udongo.

"Shikamoo," anasema Tunu.
"Marahaba, mwanangu."

Bi Sikudhani anakodoa macho. Hata yeye hajui zipi ni za Tunu!
Basi anazigonga kwa kidole, polepole.
Ko.
Ko.
Ko.
Pwa.

"Hizo ndizo zangu," anasema Tunu.

Anazivaa upesi. Bi Sikudhani anamuuliza kwa nini alizivua.

"Si kuna mkeka?"

Bi Sikudhani anautazama mkeka. Kisha anafurahi, anafurahi sana. Mwezi mzima watu wanapita hapa, wanapiga picha, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyevua viatu.

"Kaa, mwanangu," anasema. "Mkeka ni wa kukalia."

Tunu anavua ndala zake tena. Safari hii anaziweka mbali kabisa na zile za udongo.

Anakaa. Shangazi naye anakaa, ananyoosha miguu.

Mzee Komba anaangalia kulia. Anaangalia kushoto.
Halafu anainama, anaanza kufungua kamba za buti zake.