Ujumbe Uliojaza Foleni

Kila jioni Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliosha vyombo huku mama yake akiandaa ujumbe wa simu. Mama alikuwa karani wa ofisi ya maji ya serikali, na kazi yake ilikuwa kuwakumbusha watu wa mtaa wao madeni ya maji. Ujumbe ulikuwa uleule siku zote: "LIPA MARA MOJA AU UTACHUKULIWA HATUA."

"Mkuu wa ofisi amesema madeni yasipopungua mwezi huu, nafasi yangu anapewa mwingine," mama alisema kwa unyonge.

Kesho yake Kasuku alipeleka sare iliyochanika kwa fundi cherehani. Simu ya fundi ikalia. Akasoma, akasonya, akaitupia kwenye vitambaa.

"Hawa nao! Wananikaripia kama mtoto aliyevunja sahani. Wangoje!"

"Lakini maji si unatumia, fundi?"

"Wee Kasuku, nani kakuuliza? Kwani mtaa huu nani analipa?"

Kasuku alitoka mbio hadi nyumbani.

"Mama! Waandikie kwamba majirani wote wamelipa. Wataona aibu!"

"Wamelipa wote?"

"Hapana... lakini watajuaje?"

"Huo ni uongo, mwanangu. Siutumi, hata kazi ikiniponyoka." Mama akafungua daftari la ofisi, akaanza kupitia malipo ya mtaa, nyumba baada ya nyumba. Ghafla akapiga makofi. "Kumbe wengi wamelipa! Waliobaki ni wachache kuliko waliolipa."

Wakaandika pamoja: "Ndugu yetu, majirani zako wengi wameshalipa maji. Fedha hizo ndizo zinazotengeneza pampu yetu. Tunakusubiri nawe. Asante."

Mchana uliofuata, Kasuku alipita ofisini akitoka shule. Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni! Mbele kabisa alisimama fundi, utepe wa kupimia shingoni, sare ya Kasuku kwapani.

"Kumbe nimebaki nyuma mimi!" alisema. "Pokeeni pesa yangu haraka, kabla mke wangu hajasikia kuwa nadaiwa."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu akachungulia, akavua miwani.

"Karani, umewafanya nini watu hawa?"

"Nimewaambia ukweli, kwa heshima."

"Basi kiti hicho ni chako. Hakuna wa kukugusa!"

Mama akamkumbatia Kasuku. "Umeona? Ukimkaripia mtu, anaziba masikio. Ukimheshimu, anasikia. Ila maneno yawe ya kweli, maana tungewadanganya leo, kesho nani angetuamini?"

Kasuku akageukia foleni, akaanza kuyarudia maneno hayo kwa kila mtu.