Kiti cha Kete Nyeusi

Sikwenda mochwari kutafuta makubwa. Nilikwenda kutengeneza friji.

Hospitali walinipigia simu saa kumi na moja jioni. Friji imegoma, wakasema, na mle ndani wamo watu saba. Nikawajibu kwamba angalau hao hawatalalamika. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki. Tena safari yenyewe ilinifaa, maana dada yangu alikuwa amelazwa hospitali hiyohiyo, ghorofa ya pili, siku mbili baada ya kupasuliwa utumbo. Dada huyo ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na mitano. Aliacha shule ili mimi nisome.

Nikampitia kwanza.

"Umeshinda chesi Jumapili?" akaniuliza.

"Sare."

"Ndiyo maana umenuna hivyo. Mdogo wangu, ukikubali sare mara mojamoja utaota mkia?" Akacheka huku ameshika kidonda. Nikamwekea maji karibu, nikateremka kazini.

Klabuni kwetu wananiita Sare Mwiko. Kwenye chesi kete nyeupe ndizo zinazoanza, kwa hiyo wengi wakipewa nyeusi huridhika na sare. Mimi sikuwahi kuridhika. Kuna watu wakishika nyeupe wanakula askari wako wa katikati mapema, nawe unamla wao, ubao mzima unafanana huku na huku, kisha wanakunyooshea mkono mgawane pointi. Hao niliwachukia kuliko wezi. Nilijifunza miaka mingi namna ya kuwavuruga. Sikubali kubadilishana malkia. Wao wakimficha mfalme upande mmoja, mimi wangu namficha upande wa pili. Halafu nasukuma askari wa pembeni mpaka mlangoni kwao, liwalo na liwe.

Mochwari ilikuwa chini kabisa ya jengo. Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha, nikaita, mhudumu hayupo. Tatizo nililiona upesi, bomba la gesi lilikuwa limetobolewa na kutu. Nikaliunga, nikajaza gesi, nikawasha. Baada ya hapo ni kusubiri tu, ukae saa nzima uone kama baridi inashuka.

Nikaingia ofisi ndogo ya mhudumu. Kulikuwa na meza, simu, daftari la kupokelea maiti, na ubao wa chesi. Mchezo ulikuwa umeanza. Upande wa nyeupe palikuwa na kiti chenye mto uliochakaa, na upande wa nyeusi kiti cha chuma, kitupu. Nikautazama ubao, nikasonya. Ulikuwa ni ufunguzi uleule, askari wameshaliana, kila kitu sawa kwa sawa.

Mchezaji wa chesi hapiti ubao hivihivi. Nikakaa kwenye kiti cha chuma. Zamu ilikuwa ya mweusi, na mtu yeyote angetoa farasi amuige mweupe. Mimi nikamshika askari wa pembeni, nikamsukuma hatua mbili.

Baridi ikanipanda mgongoni. Nikafikiri ni friji.

Lakini friji nilikuwa nimeiwasha sasa hivi tu. Kipimo kilikuwa kinasoma nyuzi kumi na tisa.

"Umegusa?"

Mlangoni alisimama mzee mwembamba mwenye ndoo mkononi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, si usoni kwangu.

"Samahani, mzee. Unacheza na nani?"

Akaweka ndoo chini polepole, akakaa kwenye mto wake. "Aliyegusa amegusa," akanong'ona. "Sasa nisikilize, fundi. Nikila, kula. Nikikupa sare, pokea. Kuna mtu huko juu anaitegemea."

Nikatabasamu. Waombaji wa sare wamenieleza mengi maishani, mke ana uchungu, basi la mwisho linaondoka, jino linauma. Hili la mtu wa huko juu lilikuwa jipya, nikampa maksi.

Akanipa sare mwendo wa tisa. Nikakataa. Akanipa tena mwendo wa kumi na nne, kijasho kikimtoka.

"Chukua, mwanangu. Nakuomba."

"Mzee, cheza."

Alitaka tubadilishane malkia, nikamkwepesha wangu. Alimficha mfalme upande mmoja, nikamficha wangu upande wa pili. Nikatoa farasi kafara ili nifungue njia. Hapo ndipo nilipoisikia harufu... udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Kisha pumzi. Mtu alikuwa ameinama nyuma yangu, kidevu chake karibu na sikio langu. Hakunigusa. Alikuwa anaangalia mkono wangu, kwa makini, kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Ningeweza kuacha. Naapa ningeweza. Lakini niliona ushindi miendo minne mbele, na mimi nikiuona ushindi siwezi kuondoka mezani.

Nikamaliza. Mfalme mweupe hakuwa na pa kwenda.

Simu ikalia.

Mzee akasikiliza, akaitika "sawa" mara mbili, akarudisha mkono wa simu. "Wodi ya wanaume. Dereva. Asubuhi alikuwa anatembea mwenyewe." Moyo wangu ulipata nafuu, si dada, si dada, na papo hapo nikajionea aibu.

"Hao saba walikufa kwa siku zao," mzee akasema. "Wa ubao ni wengine. Kila jioni ni mtu mmoja wa huko juu, siambiwi nani. Tukitoka sare, mtu yule anaamka asubuhi anaomba chai. Miaka kumi na moja nimempa sare huyo anayekaa hapo, na miaka kumi na moja amepokea."

"Ni nani?"

"Nilimkuta. Mhudumu aliyenitangulia naye alimkuta. Huwa ananiiga tu, nikila anakula, kama kioo. Hakujua kwamba nyeusi inaweza kushinda." Macho yake yakajaa machozi. "Sasa umemfundisha."

Nikamwambia ni upuuzi. Nikakusanya vifaa, nikapanda ngazi nusu nakimbia. Jioni iliyofuata nikarudi, eti kukagua friji.

Mzee alikuwa anacheza. Nikasimama pembeni nikaona kwa macho yangu. Alikula askari, naye akaliwa wake. Kisha askari mweusi wa pembeni akateleza mwenyewe hatua mbili... taratibu... bila mkono. Ulikuwa mwendo wangu. Mzee akaomba sare. Hakuna aliyeipokea. Saa moja kasoro simu ikalia, mama wa kitanda cha tisa, wodi ya dada.

"Tusicheze," nikasema.

"Nilijaribu mwaka wa kwanza. Niliteremshiwa wanne kwa usiku mmoja."

Asubuhi nikamwendea daktari, nikamwomba amruhusu dada arudi nyumbani. Akanitazama kama mwendawazimu. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha, atarudishwa chumba cha upasuaji jioni hiyohiyo. Nikamwendea dada mwenyewe, nikapiga magoti, nikamwambia tuondoke.

"Unanifukuza hospitali, wewe?" Midomo ilikuwa imemkauka. "Nenda kazini. Nikitoka, nitakufunga mimi mwenyewe kwa hiyo chesi yako."

Saa kumi na mbili na nusu wakamwingiza. Nikateremka, nikamwambia mzee anipishe, mimi ni mkali kuliko yeye. Akaniachia mto wake.

Nilicheza kama watu niliowadharau maisha yangu yote. Nikala askari wa katikati, nikaliwa wangu. Nikatoa vipande taratibu, nikataka tubadilishane kila kitu, malkia kwa malkia, tubaki na ubao mtupu, tugawane.

Malkia mweusi akakwepa.

"Sare," nikanong'ona.

Udongo mbichi.

Sikuwa na mbinu. Kutafuta sare ni ufundi, una vitabu vyake na subira yake, na mimi sikuwahi kuusoma hata ukurasa mmoja. Nilijua kushambulia tu. Askari weusi wakaja upande wa mfalme wangu mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu kuziba, pakafunguka pengine. Yule farasi akatolewa kafara, mapema kuliko nilivyomtoa mimi, na kwa uzuri zaidi. Alikuwa amenipita.

"Sare. Nakuomba. Chukua chochote changu..."

Upande wa pili, kiti cha chuma kikalia kidogo, kama mtu anayejiweka sawa ili aone vizuri.

Nilihesabu miendo mitatu iliyobaki. Sikuhitaji kuitafuta, ilikuwa yangu.

Tak.

Tak.

Tak.

Safari hii simu haikulia. Tulikaa hivyo, mzee na mimi, sijui muda gani, nikaanza kujidanganya kwamba labda, labda. Kisha magurudumu ya kitanda yakasikika mwisho wa korido, yakija. Mzee akajifuta macho, akavaa glavu, akafungua daftari. Kazi ni kazi. Nyuma yangu kete zilikuwa zinajipanga upya, moja moja, bila haraka.

"Ndugu wa karibu wa marehemu?" akauliza, akitazama karatasi.

"Mimi."

"Uhusiano?"

Nilifungua mdomo niseme dada. Ikatoka mama.