Mtoto Si Shati

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia mama yake kufua. Mama alikuwa dobi, na kwake sabuni ilikuwa dawa ya kila kitu. Basi ngozi ya Chiriku ilipoanza kuwasha na kupasuka viganjani na ndani ya viwiko, mama alifanya lile alilolijua: alimsugua kwa sabuni ya kufulia na brashi ya kola.

"Vumilia, mwanangu. Uchafu ukitoka, upele nao utaondoka."

Wapi! Kadiri alivyosuguliwa ndivyo alivyozidi kujikuna, mpaka damu ikatoka.

Shuleni mambo yalichacha. Chiriku ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu ya netiboli, lakini nahodha alimnyang'anya mpira mbele ya wote. "Kaa pembeni, utatuambukiza!" Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, siku hiyo alichukua mkoba wake akaenda zake nyumbani. Aliumia moyoni kuliko kwenye ngozi.

Alipokataa kwenda mazoezini, mama alimpeleka zahanati. Muuguzi alivitazama viganja vyake. "Anaogea sabuni gani?"

"Ya kufulia. Na brashi juu!" mama alijibu kwa fahari.

"Jamani, mama! Huyu ni mtoto, si shati!"

Mama aliona haya. Chiriku alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Huu ni ukurutu," muuguzi alieleza. "Si uchafu, wala hauambukizi. Ngozi yake hukauka upesi, na sabuni kali huikausha zaidi. Aoge maji ya uvuguvugu kwa sabuni laini isiyo na manukato, kisha umpake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Mkate kucha. Palipovimba, mpake dawa hii. Na kufua apumzike."

"Nitapona kabisa?" Chiriku aliuliza.

"Ukurutu unaweza kurudi. Ila ukiitunza ngozi yako, utautuliza."

Baada ya wiki chache viganja vilikuwa laini. Mama akaenda naye uwanjani, akamshika mikono mbele ya timu nzima.

"Mimi humshika kila siku. Mbona sijaambukizwa?"

Nahodha aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Chiriku. Sikujua."

"Hata mimi sikujua," mama alisema. "Nilimsugua mwanangu mpaka akatoka damu, nawe ukamfukuza mwenzako, kwa sababu hatukuuliza. Kuuliza si ujinga, wanangu."

Nahodha akampa Chiriku mpira, mkono kwa mkono.