Hangari ya Chini

Kila asubuhi kabla ya shule, Kaswera alifagia baraza ya duka la baba yake pale Kashebere, akapanga bidoni za mafuta ya mawese kivulini, kisha akaandika kwa chaki bidhaa zilizofika kutoka Butembo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwandiko wake ulipita hata wa mwalimu wake. Alijua hivyo. Wateja walipomsifu alijifanya hasikii, lakini siku nzima kichwa kilikuwa juu.

Baba yake, Papa Nzanzu, alikuwa na hangari tatu za mabati kando ya barabara. Humo wakulima na wachuuzi waliweka mizigo yao wakisubiri lori. Hangari ya nne ilikuwa chini kabisa, karibu na kijito. Vita vilipopamba moto kwenye vilima vya Masisi, na familia zikaanza kufika na magodoro kichwani, Papa Nzanzu aliwaachia hiyo ya nne. Nusu yake walilala watu. Nusu nyingine walifungia magunia yao ya mbegu za maharage, kila gunia na kitambaa cha rangi ya mwenyewe. Njaa iliwauma sana, lakini mbegu hizo hawakuzigusa, maana bila hizo hawakuwa na la kupanda.

Tangu hapo hakuna mtu aliyesema tena "hangari ya nne". Watu walisema "kule kwa badeplasé", yaani kwa waliokimbia makwao, na walisema hivyo kama vile mahali hapo pamehama Kashebere.

Mwaka huo wizi ulizidi. Papa Nzanzu aliamua kuweka kamera, akampigia simu fundi wa Goma aliyeitwa Honoré. Kaswera alikuwa kando yake, karatasi mkononi.

"Papa Nzanzu, kamera haiko kazi," Honoré alisema. "Kazi iko ku mashine yenye inachunga picha. Kuko ya kamera kumi na sita, kuko na ya makumi tatu na mbili. Munihesabie milango yote na pembe zote. Ikifika kumi na saba, ile ya kumi na sita haitaweza, hata mukapigana nayo. Nitaweka diski mbili, moja ikikufa, ingine inabakia na picha. Na isikule batri sana, juu umeme yenu inatoka ku jua. Lakini hesabu njo ya kwanza. Barieri za bantu ba bunduki ziko nyingi mu njia, sitaweza kuja mara mbili."

"Kaswera atahesabu," Papa Nzanzu alisema. "Iko na akili."

Kaswera akaenda kuhesabu. Hangari ya kwanza, kamera tano. Ya pili, tano. Ya tatu, tano. Mlango mkubwa wa barabarani, moja. Kisha akasimama juu ya kijia kinachoshuka kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yalifika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vyake vya shule vilikuwa vipya. Kutoka chini alisikia watoto wakikohoa, na harufu ya choo ilimfikia pale pale aliposimama. Kule ni kwa badeplasé, alijiambia. Akageuka.

"Ulifika mpaka chini?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, Papa. Yote iko kumi na sita."

Masikio yakamwaka moto. Papa Nzanzu hakuona. Alikuwa anasoma namba iliyoandikwa vizuri kabisa, na siku hiyo hiyo aliituma Goma.

Wiki tatu baadaye Honoré alifika kwa pikipiki, amefunikwa vumbi, mashine imefungwa ndani ya blanketi mgongoni. Papa Nzanzu alikuwa safarini Butembo. Fundi alifanya kazi siku mbili. Kwenye chumba kidogo cha ofisi kioo kikawaka, na ndani yake visanduku kumi na sita vya picha: milango, pembe, barabara, kuku akipita. Watu walikuja kuchungulia na kucheka.

Jioni Honoré alishuka kijitoni kunawa mikono. Alirudi akimtafuta Kaswera.

"Mutoto, kule chini kuko hangari. Milango ine. Nani alihesabu?"

Kaswera alitazama ardhi. Honoré hakuwa mtu wa kugombeza, na labda ingekuwa heri angegombeza.

"Mashine imejaa," alisema. "Niko na kamera moja yenye ilibakia. Nitaitundika kule juu ya mulango, bezi baogope. Lakini ujue, haioni kitu. Iko macho ya uongo. Umwambie Papa anunue ile ya makumi tatu na mbili, nitafanya mupango niibadirishe. Usisahau."

"Sitasahau, kaka."

Na kweli hakusahau. Hilo ndilo baya lenyewe: alikumbuka kila siku, na kila siku alinyamaza. Baba yake aliporudi na furaha, akimwonyesha kila mgeni kile kioo, Kaswera alijiambia atamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Kisha vita vikafunga barabara, mnara wa simu ukazimika, na Honoré hakuweza tena kumpigia mtu.

Mlinzi wa hangari zote alikuwa Papa Sebarenzi, mkulima wa vilima vya Masisi aliyekimbia na mke na watoto watano. Ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha mashine. Binti yake, Mukandori, alikaa dawati moja na Kaswera. Hawakuwa marafiki hasa, lakini walikopeshana kalamu.

Siku moja wakati wa mapumziko Mukandori alimwambia, "Zamani bapapa ya kule chini balichunga mbegu kwa zamu, hapana kulala. Sasa kamera iko, banalala. Papa yangu pia anapumzika kidogo. Umwambie Papa yako aksanti."

Kaswera alifungua mdomo. Kisha kengele ililia, naye akashukuru kengele. Mimi ninayewasimulia nisingependa kuwa ndani ya kifua chake siku ile.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kupanda. Mvua kubwa ilipiga mabati usiku kucha, na kulipokucha mke wa Sebarenzi alikuta mlango wa hangari ya chini umevunjwa. Magunia thelathini na manne ya mbegu yalikuwa yamekwenda. Watu waliolala upande wa pili hawakusikia kitu kwa kelele za mvua. Nyayo ziliingia msituni, na hakuna aliyethubutu kuzifuata.

Kufumba na kufumbua, watu walijaa mbele ya ofisi.

"Picha! Batuonyeshe picha!" walipiga kelele.

Papa Nzanzu alifungua mashine mbele yao. Alitafuta, akatafuta tena. Hangari ya kwanza, ya pili, ya tatu, barabara. Hangari ya chini haikuwepo.

Guylain, aliyewaongoza vijana wa mtaa, ndiye aliyeuliza. "Ufunguo wa hii chumba iko na nani?"

Kila jicho likamgeukia Sebarenzi.

"Iko na mimi," alisema. "Lakini sijagusa kitu. Hata kuiwasha sijui."

"Amefuta!" mtu mmoja alisema. Mwingine akaongeza, "Anasema luga moja na bale baasi ba ku kilima!" Neno hilo lilitosha. Kwa miaka yote ya vita, watu wa Kashebere walikuwa wamezikwa na kuzika, na hasira yao ilikuwa imekosa mtu wa kumwangukia. Sasa ilimpata. Walimkunja mikono nyuma, wakafunga viwiko kwa kamba ya nailoni mpaka mabega yakakaribia kugusana.

"Tumupeleke ku barieri," Guylain alisema.

Watu wakubwa walijua maana yake. Kizuizi hicho kilikuwa cha wenye bunduki, na wanaume wawili waliopelekwa huko mwezi uliopita hawakuonekana tena. Papa Nzanzu alisema, "Mungojee, mungojee kwanza," lakini sauti yake haikuwa na nguvu, maana hata yeye alikuwa ameanza kuamini. Mukandori aling'ang'ania suruali ya baba yake akilia kwa Kinyarwanda. Mtu alimsukuma, akaanguka matopeni.

Kaswera aliona hayo yote kutoka mlangoni, ameshika upindo wa kitenge cha mama yake. Akisema, baba yake ataaibika mbele ya watu wote. Atapigwa. Hakuna atakayemwamini tena na karatasi wala kalamu. Asiposema, Sebarenzi atakufa. Alielewa jambo hilo kama lilivyo, bila pazia.

"Mama," alinong'ona, "haikufutwa."

Mama Anastasie aliinama. "Unasema nini?"

"Haikufutwa! Ile kamera ya chini haionaka kitu. Ni mimi!"

Alisema kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Watu wakageuka.

"Mutoto anadanganya," Guylain alisema. "Anamuhurumia mwenzake wa masomo."

"Nilidanganya mbele, siku ile ya kuhesabu. Sasa sidanganye," Kaswera alijibu, machozi yakimshuka. "Sikufika chini. Nilimwambia Papa kumi na sita, na iko makumi mbili. Kaka Honoré alisema mashine imejaa, nimwambie Papa. Sikumwambia. Muhesabu visanduku! Vyote viko na mahali pao. Hakuna hata kimoja cha kule."

Papa Nzanzu alimtazama binti yake. Kisha akaingia ndani na kuhesabu kwa kidole mbele ya Guylain, kisanduku kwa kisanduku, mpaka kumi na sita. Hakukuwa na nafasi tupu. Alichukua ngazi, akashuka kijia chenye matope, watu nyuma yake. Alipanda juu ya mlango uliovunjwa na kuivuta ile kamera. Waya wake ulikuwa mfupi kama kiganja, mwisho wake umekunjwa na kufungwa kwa utepe wa gundi. Haukwenda popote.

"Mumufungue," Papa Nzanzu alisema kutoka juu ya ngazi. "Mumufungue sasa hivi."

Guylain mwenyewe ndiye aliyekata kamba. Hakuomba msamaha, aliondoka akitazama chini. Wengine walisaidia kumkalisha Sebarenzi, ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi na vimevimba. Muuguzi aliyemwona alitikisa kichwa. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia, vidole vitatu havikukunjika tena.

Siku hiyo hiyo Papa Nzanzu alifungua hangari yake ya kwanza na kuwapa familia zote magunia yake mwenyewe ya maharage, wapate mbegu. Barabara ilipofunguka, Honoré alirudi na mashine ya kamera thelathini na mbili. Safari hii Papa Nzanzu alishuka mwenyewe kuhesabu, akaacha na nafasi za ziada. Hangari ya chini ikapata visanduku vinne juu kabisa ya kioo. Wezi hawakujulikana kamwe.

Kaswera hakupigwa. Alitamani kupigwa, aone kwamba jambo limekwisha. Badala yake, asubuhi ya Jumamosi baba yake alimpa jembe, wakaenda pamoja kwenye kipande cha shamba alichokodi Sebarenzi. Mzee yule alikuwa amekaa pembeni ya mtaro, mkono wa kulia umelala mapajani, akimtazama Mukandori akilima peke yake.

Kaswera alipiga magoti mbele yake. "Papa Sebarenzi, unisamehe."

Sebarenzi alijaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia.

"Ulisema mbele ya bantu bote," alisema hatimaye. "Bantu bakubwa bengi hawangeweza. Kwa ile, niko muzima, na nakushukuru. Lakini ulisema nyuma ya kamba, mikono ikiisha kufungwa, mutoto wangu. Siku ingine useme mbele ya kamba."

Papa Nzanzu alimwinua binti yake kwa bega.

"Na mimi niko na kosa," alisema. "Nilikuuliza kama ulifika chini, na mimi mwenyewe sikufika. Siye bote tuliona bale bantu kama habahesabike. Njo pale uongo ulipata njia. Sikiliza, Kaswera. Ungesema siku ya kwanza, ningekugombeza dakika mbili. Ungesema siku Honoré alikuambia, tungepoteza tu mashine. Kila siku ulinyamaza, ilizidi. Mashine nilipata ingine Goma. Mukono ya huyu mubaba, sitapata mu duka yoyote."

Kaswera alivua viatu, akaviweka ukingoni, akaingia shambani upande wa Mukandori. Mukandori alisogea kidogo tu, akamwachia mstari wa kulima.