Risasi Isiyo na Mlio

Mwili wa Bibi Verediana ulikutwa asubuhi mlangoni pa jiko lake, kijijini Mbingu, kichwa kimepondwa kisogoni. Inspekta Agnella alipofika kutoka Ifakara, nusu ya kijiji ilikuwa imeshajaa uani, inalia na kukanyaga ushahidi.

"Tokeni!" alifoka. "Mnalia juu ya nyayo za muuaji!"

Hakuna kilichoibwa. Kuku walikuwepo, mpunga ulikuwepo. Aliyelia kuliko wote alikuwa Kasmiri, mvuvi, mtoto wa kaka wa Bibi Verediana. Bibi huyu ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Lakini Kasmiri hakukaa msibani. Mkewe Levina, mimba ya miezi minane, alikuwa amelazwa Ifakara kwa kifafa cha mimba, kwa hiyo akapanda bodaboda kumfuata. Watu walimwonea huruma, na Agnella naye pia.

Mchana, baada ya uchunguzi wa maiti, Dakta Theodori alivua glavu zake.

"Jeraha lina chembe za risasi."

"Risasi?" Koplo Vitus aliruka. "Daktari, majirani hawakusikia mlio wowote!"

"Si ya bunduki, bwana wee. Risasi madini, ile ya ndani ya betri za gari. Amepigwa na kipande kizito cha kitu hicho."

Agnella aliwajua wavuvi wa mtoni: huvunja betri mbovu, huyeyusha risasi, kisha huifunga kwenye nyavu ili zizame.

Wakarudi Mbingu. Nyumba ya Kasmiri ilipakana na ya marehemu. Jikoni mlikuwa na makasha ya betri yaliyovunjwa, majivu ya kijivu na sufuria iliyogandiwa na risasi. Sufuria ya ugali ilikuwa pembeni yake. Mafiga yalikuwa yale yale. Nyuma ya kuni, Vitus akatoa donge lenye umbo la kitako cha sufuria, limeviringishwa kwenye wavu. Lilikuwa na damu, na mvi zimenata.

"Mungu wangu," alisema Vitus. "Mtu na shangazi yake!"

Agnella alikuwa bado anayatazama mafiga. Akampigia simu Dakta Theodori.

"Levina, yule mjamzito wa kifafa aliyelazwa hapo, anapika hapa hapa mumewe anapoyeyushia risasi."

"Ndiyo maana," daktari alijibu. "Wenzangu wa wodi ya wazazi wanasema alipimwa damu kliniki, ikakutwa na risasi nyingi. Kwa mjamzito hiyo inaongeza hatari ya presha kupanda mpaka kifafa cha mimba. Siwezi kusema ndiyo sababu pekee. Lakini moto ule uzimwe, Inspekta."

Kasmiri alikamatwa nje ya wodi. Hakubisha.

"Shikamoo, afande," alisema walipomkalisha kituoni.

"Marahaba. Hili la nani?" Agnella aliweka donge mezani.

"La kwangu."

"Ulimpiga nalo shangazi yako?"

"Levina anaendeleaje?"

"Nijibu kwanza!"

"Nilimpiga."

"Amekulea, Kasmiri! Kwa nini?"

"Afande, nesi alimwambia Levina, una risasi kwenye damu. Foleni ndefu, hakueleza zaidi. Levina akarudi analia. Nikamkagua mwili mzima, hana tundu. Nani anampiga mtu risasi asiache tundu? Si mchawi huyo?"

Vitus hakucheka. Mchana ule ule yeye mwenyewe alikuwa ameuliza habari za mlio.

"Na kwa nini awe shangazi?"

"Alitamka kwa mdomo wake! Kila siku anakuja jikoni kwangu kufoka: toa moto huu nje, utamdhuru mtoto tumboni. Haikupita muda, Levina akavimba uso, macho yakaona giza, akaanza kukakamaa. Shangazi alijuaje? Nikaona nikimwondoa aliyempiga, mke wangu atapona."

Simu ya Agnella ikaita. Alisikiliza, akaikata.

"Levina amefanyiwa upasuaji. Yu hai. Mtoto amefariki."

Kasmiri alifumba macho, machozi yakamtoka. Alipoyafumbua yalikuwa na kitu kama ushindi.

"Mtoto ni kazi ya Mungu. Lakini umeona, afande? Nimemwondoa, Levina amepona."

Hasira ilimpanda Agnella.

"Amepona kwa madaktari, mpumbavu wewe! Risasi ndiyo hii!" Akalisukuma donge mpaka likamgusa kifuani. "Hii hii! Nesi alikuwa anaisema hii. Levina amevuta moshi wake, amekula vumbi lake kwenye ugali. Hakuna aliyemtupia kitu. Umeileta wewe, ukaiyeyusha wewe, kwenye mafiga yake!"

Kasmiri aliliangalia donge. Aliujua uzito wake, alilijua lilivyong'aa likiwa bado la moto. Hakuwahi kufikiri kwamba jina lake ndilo lile alilolitaja nesi.

"Lakini shangazi alijuaje?" aliuliza, sauti imekwisha.

"Hakujua chochote. Moshi ulimwasha macho, akamhurumia mkeo. Basi."

Kasmiri akaanza kutikisa kichwa, taratibu, kisha kwa nguvu.

"Si angeniambia tu! Angesema tu, mwanangu, huu moshi ni mbaya!"

"Alisema," Agnella alijibu, akichukua kalamu aandike maelezo. "Kila siku alikuambia."